Jinsi ya Kuweka Vyeti vya Kazi kwenye Wasifukazi: Mwongozo kwa Waombaji wa Mombasa

Kila hoteli za pwani zinapoanza kuajiri kabla ya msimu wa Desemba, na kila mara bohari za makontena zinapotangaza nafasi, maswali huwa ni yale yale. Je, cheti kilichokwisha muda kiandikwe? Vyeti vya semina vihesabiwe? Leseni ya udereva ni cheti au si cheti? Vikae juu ya elimu au chini yake? Nimeyajibu kwa mdomo barazani na kwa simu usiku, na sasa nayajibu kwa maandishi ili atakayeuliza tena apewe ukurasa huu.

Neno wasifukazi nalitumia kwa ile karatasi ambayo wengi wetu huiita sivii. Aghalabu matangazo ya kazi hapa Mombasa huja kwa Kiingereza na wasifukazi huandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Mifano yangu ni ya Kiswahili ili ieleweke, lakini mpangilio haubadiliki. Kanuni ni moja tu: kila cheti unachokitaja ni dai, na anayelisoma ataka kujua upesi kama dai hilo lahusu kazi yake na kama aweza kulihakiki bila kukutafuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vyeti vyako vyote halisi, si nakala, pamoja na leseni na kadi za usajili.
- Kitambulisho cha taifa, au pasipoti ikiwa kazi ni ya ng'ambo au ya melini.
- Tangazo la kazi lenyewe, likiwa zima. Picha iliyokatwa nusu na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp haitoshi, maana masharti ya vyeti mara nyingi huwa chini kabisa.
- Daftari, kalamu, na kalamu nyingine ya rangi.
- Simu yenye kamera nzuri au pesa kidogo za kulipia skana saiba.

Usianze kuandika kwa kukumbuka. Nimeona watu waaminifu kabisa wakiandika mwaka usio sahihi kwa sababu walikumbuka mwaka walioketi mtihani, ilhali cheti kilichapishwa mwaka uliofuata; mwajiri anayelinganisha karatasi hizo mbili hajui kwamba wewe ni mwaminifu.

Hatua ya 1: Tandika vyeti mezani na uviorodheshe

Chora jedwali la safu sita daftarini: jina la cheti kama lilivyochapishwa, taasisi iliyokitoa, nambari ya cheti, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho wa matumizi ikiwa ipo, na jina lako kama lilivyoandikwa humo. Safu hiyo ya mwisho watu huidharau, nayo ndiyo huleta taabu kuliko zote, tutairudia.

Jina la cheti usilifupishe wala kulipamba. Ikiwa karatasi yasema ulihudhuria mafunzo ya siku tatu, usiandike kuwa umefuzu.

Hatua ya 2: Tenganisha mafungu

Hapa ndipo wanaoanza hupotea, kwa hivyo soma pole pole. Karatasi zote tunaziita vyeti, lakini kwa mwajiri si kitu kimoja.

Fungu la kwanza ni elimu: KCSE, astashahada, stashahada na shahada. Hizi zina sehemu yake kwenye wasifukazi na hazichanganywi na nyingine.

Fungu la pili ni vyeti vya ujuzi wa kazi. Humu mna mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ule ambao mafundi huuita gredi tu, unaoanzia Gredi ya III na kupanda hadi Gredi ya I. Humu pia mna cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na usafirishaji wa shehena, ambacho vijana wa klearingi hukisomea KESRA, chuo cha mamlaka ya mapato, na mitihani ya uhasibu ya bodi ya KASNEB.

Fungu la tatu ni leseni na usajili. Cheti chasema kwamba ulijifunza. Leseni yasema kwamba waruhusiwa kuifanya kazi. Fundi umeme aweza kuwa na stashahada safi kutoka chuo kinachoheshimika, lakini bila leseni ya daraja linalofaa kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, hawezi kuidhinisha kwa jina lake waya alizozitandaza. Mwalimu ana usajili wake wa tume ya walimu, TSC, muuguzi ana Baraza la Wauguzi, na dereva ana leseni ya mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, yenye daraja lake, mathalani CE kwa lori lenye trela. Mwajiri wa kazi hizi huitafuta leseni kabla ya kutazama elimu.

Fungu la nne ni vyeti vyenye muda: cheti cha huduma ya kwanza, cheti cha afya cha wanaoshika chakula ambacho hupimwa upya kila baada ya miezi sita, na vyeti vya mabaharia. Hivi vya mabaharia vina taratibu zake. Mafunzo ya msingi ya usalama chini ya mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa 1978 yana sehemu kadhaa, zikiwemo kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza ya msingi, na usalama wa mtu binafsi na wajibu wake kwa wenzake. Kwa mujibu wa marekebisho yaliyofanywa Manila mwaka 2010, baharia hutakiwa kuthibitisha kila baada ya miaka mitano kwamba bado aweza kujiokoa na kuzima moto, na cheti chake cha afya hakipiti miaka miwili. Anayeomba kazi ya melini bila kutaja tarehe hizi amejiondoa mwenyewe.

Fungu la tano ni vyeti vya kuhudhuria semina, warsha na makongamano. Vingi havitahitajika.

Fungu la sita ni vibali vya uadilifu: cheti cha tabia njema cha polisi, cha kutii sheria za ushuru kutoka mamlaka ya mapato, KRA, na barua ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB. Hivi si ujuzi. Huambatishwa vinapoombwa na haviandikwi kwenye orodha ya vyeti vya kazi, ingawa kila wiki naona mtu amekiweka cha tabia njema juu kabisa, kana kwamba kutokuwa na kesi ni taaluma.

Hatua ya 3: Soma tangazo ukiwa na kalamu ya rangi

Pigia mstari kila neno linalotaja cheti, leseni, usajili au daraja. Kisha tofautisha la lazima na la nyongeza: tangazo likisema mwombaji sharti awe na kitu, hilo ni mlango, na likisema itakuwa bora akiwa nacho, hilo ni dirisha. Rudi kwenye jedwali lako utie alama ya nyota kwa kila cheti cha mlango. Ukikuta cheti cha lazima ambacho huna, afadhali ujue sasa kabla ya kulipia nauli na uchapishaji.

Hatua ya 4: Chagua, na uwe mkali

Niliwahi kusaidia kupokea maombi katika bohari moja ya makontena upande wa Changamwe. Ilitakiwa mtu wa foklifti. Bahasha za kaki zilijaa kwenye katoni la karatasi, na tulikuwa wawili tu na alasiri moja ya kuzimaliza. Kijana mmoja alikuwa ameorodhesha vyeti 14 kwa mpangilio wa miaka: uanachama wa klabu ya mazingira shuleni, semina ya uongozi wa vijana, kompyuta, semina nyingine ya ujasiriamali, na kadhalika. Cha foklifti kilikuwa cha 11, katikati ya ukurasa wa pili, na mwenzangu alikuwa ameshaiweka bahasha ile upande wa waliokataliwa. Niliiona kwa bahati, kwa sababu feni iliipeperusha karatasi ya pili ikaanguka miguuni pangu.

Kwa hivyo: vya lazima vyote, vya nyongeza vilivyotajwa, kisha vingine viwili au vitatu vinavyofanana na kazi hiyo. Vinginevyo vibaki nyumbani, hata kama ulivihangaikia. Cheti cha upishi hakimsaidii mtu anayeomba kazi ya ulinzi. Akiomba kazi ya upishi melini, hicho hicho kinakuwa cha kwanza.

Hatua ya 5: Andika kila ingizo kwa mpangilio mmoja

Kila cheti kiwe na jina, mtoaji, tarehe ya kutolewa, mwisho wa matumizi na nambari. Mpangilio usibadilike kutoka kimoja hadi kingine, maana jicho la msomaji likishazoea mahali pa tarehe huitafuta hapo hapo. Tazama mifano hii miwili:

Mtihani wa Ufundi wa Serikali, Gredi ya II, Uchomeleaji. NITA. Umetolewa Machi 2021. Hauna mwisho wa muda. Nambari ya cheti: kama ilivyo kwenye karatasi.

Mafunzo ya Msingi ya Usalama, STCW. Bandari Maritime Academy, Mombasa. Kimetolewa Agosti 2022, kinatumika hadi Agosti 2027. Nambari ya cheti: kama ilivyo kwenye karatasi.

Sasa tazama jinsi watu wanavyoviandika vyeti hivyo: "Nina vyeti vya welding na vya meli." Hakuna gredi, hakuna mwaka, hakuna mtoaji. Mtu huyu huenda ni fundi hodari, lakini msomaji hana njia ya kulijua hilo.

Jina la taasisi liandikwe zima mara ya kwanza ikiwa msomaji hayumo katika fani. KPA na KRA kila mtu Mombasa azijua. Herufi za chama cha wataalamu wa kuua wadudu hakuna azijuaye isipokuwa wao. Na cheti kilichochapishwa kwa Kiingereza kibaki na jina lake la Kiingereza kwenye wasifukazi, kwa sababu hilo ndilo litakalotafutwa kwenye mfumo wa aliyekitoa.

Tahadhari: nambari ya cheti iandike, nambari ya kitambulisho usiiandike ila ikiwa tangazo limeitaka. Wasifukazi hupita mikononi mwa watu wengi, na nambari ya kitambulisho pamoja na nambari ya simu zamtosha tapeli.

Hatua ya 6: Viweke mahali panapostahili

Kwa kazi ambayo leseni au cheti ndicho ruhusa ya kuifanya, yaani udereva, umeme, ubaharia, uuguzi na nyingine za namna hiyo, sehemu ya vyeti na leseni ikae ukurasa wa kwanza, chini kidogo ya jina na muhtasari wako, juu ya elimu. Kwa kazi za ofisini vyeti hufuata baada ya uzoefu na elimu. Aliyemaliza chuo juzi na hana uzoefu wa kutaja aweza kuviweka mara tu baada ya elimu.

Ndani ya sehemu hiyo, usifuate miaka. Tanguliza cha lazima, kisha kinachokikaribia. Miaka ifuatwe tu vyeti vinapolingana uzito.

Hatua ya 7: Kiunganishe cheti na kazi uliyoifanya

Cheti kilichosimama peke yake kinasema ulipita mtihani. Katika sehemu ya uzoefu, ongeza sentensi moja inayoonyesha ulivyokitumia: "Kwa Gredi ya II ya uchomeleaji, nimekarabati fremu za trela kwa miaka mitatu katika gereji moja Miritini." Au kwa mtu wa hoteli: "Nikiwa na cheti cha huduma ya kwanza, nilikuwa mhudumu wa zamu kando ya bwawa la kuogelea." Sentensi moja yatosha kwa kila cheti kikuu. Ukiirefusha inakuwa hadithi, na hadithi utaulizwa siku ya mahojiano.

Hatua ya 8: Linganisha majina

Sasa rudi kwenye safu ya sita. Sisi watu wa pwani majina yetu yana tahajia nyingi: Mohamed, Muhammad na Mohammed zaweza kuwa za mtu mmoja kwenye vyeti vitatu, Mwanaisha wa kitambulisho ni Mwanaesha wa cheti cha shule, kuna cheti chenye "bin" na kingine kisicho nayo, na dada aliyesoma kwa jina la babake akasajiliwa kazini kwa jina la mumewe.

Juu ya wasifukazi tumia jina la kitambulisho. Cheti chenye tahajia tofauti kiongezee maneno machache mwishoni mwa ingizo: "kimetolewa kwa jina la" na jina lenyewe. Kisha nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na nakala yake iwe katika viambatisho. Ikiwa ulibadilisha jina kabisa, kiapo hakitoshi; itakubidi uwe na hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Jambo hili likingoja hadi siku ya kuripoti kazini, utalifanya kwa haraka na kwa gharama zaidi.

Hatua ya 9: Tayarisha nakala

Viambatisho vifuate mpangilio ule ule wa wasifukazi, cha kwanza kwenye orodha kiwe cha kwanza kwenye faili. Viunganishe vyote katika faili moja la PDF na ulipe jina linaloeleweka, lenye jina lako na neno vyeti.

Ukitumia simu, weka cheti mezani karibu na dirisha, mchana, na upige kutoka juu kabisa. Picha nyingi zinazotumwa zimepigwa kitandani: shuka la maua laonekana pembeni, kivuli cha mkono kimekata cheti katikati, na kidole gumba kimekaa juu ya muhuri. Vyeti vilivyotiwa laminesheni hung'aa na kuficha muhuri wa kubonyeza, kwa hivyo vipeleke skana. Vile ambavyo bado hujavilaminisha, viache hivyo hivyo ndani ya mfuko wa plastiki.

Tangazo likitaka nakala zilizoidhinishwa, wakili hulinganisha nakala na cheti halisi, akagonga muhuri na kutia sahihi. Chukua cheti halisi unapokwenda.

Tahadhari: cheti halisi hakiachwi kwa mtu. Mawakala wa kazi za Ghuba hupita mitaani wakiomba vyeti na pasipoti "kwa ajili ya viza". Wape nakala, na kabla ya hapo uhakikishe kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA.

Hatua ya 10: Hakiki mara ya mwisho

Mpe mtu mwingine wasifukazi, wewe ushike vyeti. Akisoma ingizo, wewe fuata kwa kidole kwenye karatasi halisi: jina, mtoaji, tarehe, nambari. Kazi hii huchukua muda wa kikombe kimoja cha chai.

Na ikiwa kuna cheti ulichokinunua, kitoe sasa. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uhakiki wake ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi miongoni mwa watumishi waliokwisha kuajiriwa, na majina yakapelekwa kwa wachunguzi. Baadhi yao walikuwa kazini kwa miaka mingi.

Likitokea tatizo

Cheti kimekwisha muda. Ikiwa umeshajiandikisha kukihuisha, kiandike pamoja na maneno "kinahuishwa" na mwezi unaotarajia kukipata. Ikiwa hujajiandikisha na ni cha lazima, usikiandike kama kingali hai, kihuishe kwanza. Cha afya cha washika chakula hakina haja ya maelezo, kapimwe tu.

Umemaliza lakini cheti hakijatoka. Andika jina la kozi, taasisi, mwezi uliomaliza, na maneno "cheti kinasubiriwa". Ambatisha hati ya matokeo au barua ya chuo.

Hujamaliza. Andika "inaendelea" na mwezi wa kumaliza. Uliyoiacha njiani usiitaje kati ya vyeti.

Chuo kimebadilisha jina. Hapa kwetu ni kawaida. Mombasa Polytechnic ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007 na sasa ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tangu 2013. Bandari College ndiyo Bandari Maritime Academy ya leo. Andika jina lililo kwenye cheti, kisha "ambacho sasa ni" na jina jipya, ili anayehakiki ajue pa kuuliza.

Cheti kimepotea. Piga ripoti polisi upate muhtasari wa ripoti, kisha uiandikie taasisi iliyokitoa. Kwenye wasifukazi ingizo libaki, mradi nambari yake unayo katika nakala ya zamani.

Cheti hakina nambari. Andika tarehe na idara iliyokitoa. Usibuni nambari.

Cheti ni cha nchi nyingine. Tangazo likitaka kitambuliwe hapa nchini, KNQA, mamlaka ya taifa ya ufuzu, ndiyo iliyopewa na sheria ya 2014 jukumu la kutambua na kulinganisha ufuzu. Andika kwanza jina la asili, kisha kiwango kilicholinganishwa.

Huna cheti chochote ilhali kazi waijua. Swali hili naulizwa zaidi na mafundi wa jua kali wa Kongowea na Changamwe, tena kwa sauti ya chini. Mtihani wa gredi wa NITA haukudai uwe umekaa darasani. Fundi aliyejifunza gerejini aweza kujisajili na kufanyiwa mtihani wa vitendo katika fani yake, akianzia Gredi ya III. Hadi upate hiyo, sehemu ya vyeti usiiweke kabisa kwenye wasifukazi. Mahali pake andika kazi tatu ulizozikamilisha, kila moja na mwaka wake, mahali ilipofanyiwa, na simu ya mwenye mali aliyekubali kupigiwa. Muombe ruhusa kwanza, kwa sababu atakapopigiwa akasema hakukumbuki, hakuna cheti kitakachokuokoa mbele ya aliyepiga.